Rudisha

Saa nne kasoro. Kinu cha Obiero kimenyamaza.
Tuna dakika arobaini kabla ya gunia lingine la mahindi,
na kitufe cha Cheza hakichezi.

Nimebonyeza. Taa ya kijani imewaka,
imewaka kama mtu anayeitikia salamu
huku macho yake yako kwingine.
Kwenye skrini mstari umesimama palepale,
wima, mwembamba, hauna habari.

Mashine hii inanizidi miaka mitatu.
Randiki aliinunua Kibuye, Jumapili moja,
kati ya pasi za makaa na redio zisizo na mgongo,
mia nane, baada ya kuondoka mara mbili
na kuitwa mara mbili.
Vitufe vitano, gurudumu moja.
Waya wake una pini tano, kichwa kinene kama kidole gumba,
na kompyuta mpya haina tundu la kuupokea,
kwa hiyo katikati nimeweka adapta,
mkalimani wa bei rahisi
anayesikia maneno matatu na kufikisha mawili.

Nimezima, nimewasha.
Nimechomoa, nimepuliza vumbi, nimechomeka.
Programu inasema: kifaa hakijulikani.
Hakijulikani!
Kifaa kilichorekodi nusu ya harusi za Kondele.

Wanakwaya wa Ahero wamejaa kwenye benchi.
Mama Nyagaya anaitazama mita ya stima
kama mtu anayemtazama mgeni akijipakulia nyama.
“Binti, kwani lazima hiyo? Si ubonyeze kompyuta?”
Ningeweza. Lakini kinanda kiko huku,
kompyuta iko kule,
na mpiga kinanda ni mimi, na fundi ni mimi.

Nikampigia Randiki. Siku hizi anafuga kambare Yala;
nyuma ya sauti yake maji yanamwagika.
“Waya unaotoka kwenye mashine, umeuchomeka wapi?”
Kwenye tundu la kutokea.
“Achola. Mdomo kwa mdomo hawasikizani.
Mdomo upeleke kwenye sikio.”

Nikageuza. Mstari ukaruka, ukakimbia,
na kina mama wakapiga vigelegele mapema,
maana Simama hakikusimamisha kitu.
Wimbo ulikwenda, ukaenda,
ukapita mwisho wake, ukaendelea kurekodi benchi.

“Programu za sasa lugha ile hawaijui,” akasema.
“Ifundishe. Kitufe kimoja kimoja. Usiwe na haraka.”

Nikafungua ukurasa wa kufunza.
Programu: nasikiliza.
Mimi: Simama.
Ikaandika namba.
Rekodi. Namba.
Mbele. Namba.
Kama chekechea, mwalimu ana jasho
na mwanafunzi ana kumbukumbu ya gigabaiti kumi na sita.

Kikabaki Rudisha.
Maandishi yake yamefutika zamani,
plastiki imebonyea kwa umbo la kidole kisicho changu.
Simama, jirani yake, bado kina ncha zake zote.
Miaka sita nimefanya kazi na mtu yule
na leo ndiyo nimemsoma:
hakumkatiza mtu.
Alirudisha tu.
“Tena, mama. Kutoka pale pa pumzi.”

Nikakibonyeza mara moja, kikatuma mara mbili.
Nikabonyeza polepole. Mara mbili.
Nilitaka ubeti wa tatu, nikapewa wa pili.
“Randiki, Rudisha kinarudi mbali kuliko ninavyokiambia.”

Maji yakakatika. Nadhani alifunga bomba ili acheke vizuri.
“Huo si ubovu,” akasema.
“Mwimbaji huanza kukosea
kabla ya pale anapodhani amekosea.”

Kuna mahali pa kurekebisha. Nimepaona,
kisanduku kidogo, tiki moja.
Nimekiacha kitupu.

Dakika kumi na moja. Mtu wa gunia ameshafika,
nasikia anamwita Obiero.
Mama Nyagaya amesimama, amekohoa, amefunga leso upya.
Nabonyeza Rudisha.
Tunaanzia mbali kidogo.